Mwaka Wangu Kwenye Kilabu cha Peasley

Siku tuliyomuaga marehemu Mama Abbas nilimkuta Mzee Walter amekaa kwenye benchi la kuvulia viatu, nje ya ukumbi wa wanaume, katika kituo cha jumuiya ya Mashia kule Vaughan, jirani na Toronto. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na soksi nene za sufu, anahangaika kuingiza mguu kwenye kiatu. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka kadhaa. Nilikuwa nimesikia kwamba amehamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kwamba siku nyingine anakumbuka majina ya watu na siku nyingine hakumbuki, kwa hiyo sikutegemea kumwona pale hata kidogo. Niliinama nikamshikia kiatu. Alinitazama usoni kwa muda, kisha akasema, "Bi Aikande. Wamenipa biriani. Ina pilipili kama ile ya siku umeme ulipokatika." Halafu akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na mimi vivyo hivyo, na vijana waliokuwa wanapanga viatu wakageuza macho kwa adabu.

Nimeshaandika kwingine kuhusu Himo, wazazi wangu, na jinsi nilivyofika Toronto, sina haja ya kuyarudia. Mwaka huo mmoja niliuruka, labda kwa sababu ulikuwa mwaka mzuri, na mambo mazuri huwa hatuoni haraka ya kuyaandika. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Sasa nakaribia arobaini, na watu wawili walionifundisha kukaa katika mji huu, mmoja yuko kaburini na mwingine anaanza kusahau. Nikaona afadhali niandike sasa.

Nilikuwa nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya Mama Abbas huko Downsview. Mama Abbas alikuwa mjane, Mhindi wa Moshi, Shia, mwenye Kiswahili safi kuliko changu, maana changu kilikuwa kimeanza kuchanganyika na Kiingereza cha kazini na chake kilibaki vile vile alivyoondoka nacho. Kutoka Himo hadi Moshi mjini si mbali kwa gari, lakini ilibidi tuje huku kwenye theluji ndipo tufahamiane. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo lililokuwa usawa wa ardhi, hivyo wakati wa baridi niliona theluji tu, na ilipoyeyuka nikaona viatu vya wapita njia. Kulikuwa na kitanda, meza, jiko dogo la umeme lenye sahani mbili, na bomba la maji lililopita ukutani kwenda juu jikoni kwake. Akitaka kuniita kula, aligonga bomba hilo kwa kijiko. Sikuwahi kumlipa hata senti kwa ajili ya chakula hicho, wala hakuwahi kuniuliza kama nina njaa. Aligonga tu, nami nikapanda ngazi, nikakuta kichri, ule wali wa choroko, na mtindi, au mchuzi wa biringanya, au siku ya Ijumaa samosa zilizobaki baada ya wageni wake. Mwanawe Abbas alikuwa na familia yake Mississauga, akija Jumapili na watoto walioelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. "Redio za kupokea tu," Mama Abbas aliwaita.

Asubuhi nilifanya kazi kwenye ghala la kufungasha vifaa vya bafuni. Majira ya kuchipua ya mwaka ule uliingia mjini ugonjwa wa mapafu ambao kila mtu aliyekuwepo anaukumbuka. Hospitali zilizuia wageni, watu wakavaa barakoa kwenye basi, na kanisani tukaacha kupeana mikono. Maduka yakapunguza kuagiza mali, na ghala likatupunguzia zamu. Nikabaki na siku nyingi za kutembea bila kazi, nikiwaza kama si bora nirudi nyumbani. Siku moja ya namna hiyo, nikipita kwenye barabara kubwa yenye maghala na vituo vya mafuta, nilisikia harufu ya kuni. Tangu niondoke Himo sikuwa nimesikia harufu hiyo. Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina. Kati ya ghala la matairi na kituo cha mafuta palikuwa na nyumba ya zamani ya ghorofa moja, ya mbao zilizopakwa rangi nyeupe, ina veranda ndefu mbele, na bomba la moshi la matofali lililokuwa linafuka. Nilikuwa nimeipita kwenye basi mara nyingi nikidhani ni ofisi ya mtu. Nikasukuma mlango.

Ndani palikuwa na giza kidogo, sakafu ya mbao pana iliyolika katikati, na jiko la kuni lililojengwa ukutani, kubwa kiasi cha mtu mzima kuingia akiinama. Mzee mrefu, amevaa kizibao na shati lisilo na kola, alikuwa anapuliza makaa. Hakuniuliza nimefuata nini. Alisema, "Karibu na moto, nje kuna baridi," akanivutia kiti. Huyo ndiye Walter. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, sasa akiitunza nyumba ile kama makumbusho, na yeye mwenyewe alizaliwa hatua chache kutoka hapo, enzi ambazo mahali pale palikuwa bado panaitwa kwa jina la zamani. Nilipomwambia kwamba nimevutwa na harufu ya moto, alifurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Nilikaa hadi alasiri. Nikarudi kesho yake. Wiki iliyofuata aliniambia kwamba kijana aliyekuwa amsaidie majira hayo amezuiwa na wazazi wake kwa kuogopa ugonjwa, akaniuliza kama ningependa kuoka mikate, kuwasha moto na kuwatembeza wageni. Malipo yalikuwa madogo kuliko ya ghala. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi, nikabaki na zamu zangu chache za ghalani.

Shida ilikuwa kumwelezea Mama Abbas. Mpaka leo sijapata neno moja la Kiswahili linaloitosha nyumba ile. Ilikuwa baa, ilikuwa gesti, ilikuwa mgahawa, ilikuwa posta na ukumbi wa mikutano. Wageni waliooka mkate pamoja nami waliiita kwa Kiingereza jina lenye heshima zake. Mimi, nikiwa ngazini na sahani ya kichri mkononi, nikachagua neno la kwetu.

"Nimepata kazi nyingine, mama. Kwenye kilabu."

Kijiko chake kilisimama hewani. "Kilabu gani?"

"Kilabu cha zamani. Hakiuzi tena. Watu wanakuja kuangalia tu jinsi kilivyokuwa."

"Wanakuja kuangalia kilabu cha pombe. Wanalipa kiingilio?"

"Wanalipa."

"Mwanangu," alisema polepole, "mimi nimekaa na wewe vizuri. Sikukuuliza mambo ya kanisani, hukuniuliza mambo ya msikitini. Lakini nguo ya kilabu haitaingia kwenye mashine yangu ya kufulia." Na kweli, gauni refu la kahawia na aproni nilizovaa kazini nilizifua kwa mikono, kwenye karai, kwa miezi kadhaa. Simu niliyompigia mama yangu nayo haikwenda vizuri. Mji ule wa zamani uliitwa Njiapanda ya Peasley, kwa sababu barabara mbili zilikutana hapo, na kwetu Himo mahali barabara zinapogawana panaitwa Njiapanda vile vile. Nilimwambia kwamba nimepata kazi Njiapanda. Huku kadi ya simu inakula dakika, akapaza sauti, "Umerudi lini? Mbona hukupita nyumbani kwanza?"

Historia ya mahali pale niliipata kwa masikio, kwa vipande, huku nikikanda unga. Walter alikuwa nayo tangu utotoni, kutoka kwa bibi yake ambaye aliipata kwa mama yake. Amos Peasley alifika wakati barabara ilikuwa njia tu kati ya miti, ya kukokotea magogo. Aliomba leseni ya kuuza pombe, na wakubwa wa wakati ule wakampa kwa masharti kwamba awe na vitanda vya wageni, chakula, na zizi la farasi. Hivyo kabla hapajawa na duka wala shule wala kanisa, palikuwa na kilabu. Wakulima wenye ngano ya kupeleka ziwani walisubiri baridi kali ili ardhi igande, maana wakati wa mvua tope lilimeza magurudumu. Theluji ikikaa, walifunga farasi kwenye magari ya kuteleza, wakashuka kwa makumi, na wote walilala kwa Peasley, wengine wawili wawili kitandani na wengine chini mbele ya moto. Kwa kuwa farasi walisimama pale, mhunzi akaja kujenga banda mkabala. Mwenye duka akamfuata mhunzi, na baada ya duka ukaja mji. Hakimu aliketi kwenye chumba cha kulia. Minada ilifanyika uani. Mhubiri aliyezunguka kwa farasi alihubiri kwenye chumba kile kile cha pombe, na mke wa Peasley alifunika chupa kwa blanketi hadi ibada iishe. Baadaye waliokuwa na msimamo mkali wakajenga kanisa lao upande wa pili wa barabara, mlango ukitazamana na mlango wa kilabu, ili kila atakayetoka anapepesuka aonwe na waumini. Walter alisimulia hilo kila siku na kila siku alicheka.

Halafu reli ikajengwa, ikapita mbali, upande wa mashariki. Mji ambao ulikula kwa wapita njia ukabaki bila wapita njia. Mhunzi akaondoka, kanisa likauzwa mbao zake. Kilabu kikawa nyumba ya kupangisha wafanyakazi, kisha duka la hatamu, kisha nyumba tupu yenye njiwa, na Toronto ikaja polepole na maghala yake mpaka ikaizunguka. Nilipokuwa nikisikiliza nilikuwa nawaza malori ya Himo, mama lishe wanaosubiri magari ya kwenda mpakani, na vyumba vya kulala vyenye neti za bluu. Sikuona ugeni wowote katika hadithi ya Peasley. Niliwaelewa watu wale kuliko nilivyowaelewa wenzangu wa ghalani.

Lakini si kila mgeni aliona kwamba nahusika. Mama mmoja wa makamo, mpole, alinitazama gauni langu siku moja na kuuliza, "Na wewe, wakati ule, ungekuwa nani hapa?" Hakuuliza kwa ubaya. Mimi nikasingizia mkate unaungua. Alipoondoka Walter alifunga mlango, akakaa, akaniambia habari za Hester. Mpishi wa kwanza wa Peasley aliyekumbukwa kwa jina alikuwa mwanamke mweusi aliyekuwa amevuka kutoka Marekani kuutafuta uhuru wake. Jina lake la pili halikubaki. Mama wa bibi yake Walter, akiwa msichana wa kusugua sakafu, alifundishwa na Hester kuoka mkate kwenye tanuri lile lile nililolitumia mimi, kupima joto kwa kuingiza mkono na kuhesabu kimoyomoyo. "Mkate unaooka ni wake," Walter alisema. "Nilidhani nimeshakuambia. Ningekuambia siku ya kwanza." Tangu hapo kila mgeni aliyefika mbele ya tanuri alisikia jina la Hester kutoka kwangu kabla hajasikia la Peasley, na nilipoulizwa tena lile swali nilikuwa na jibu.

Tatizo ni kwamba waliouliza au kusikia walikuwa wachache. Shule zilikuwa zimefuta ziara zote kwa sababu ya ugonjwa. Kuna siku tulioka mikate minne tukaila wenyewe. Nyumba ilikuwa mali ya chama kidogo cha historia cha mtaa, na wanakamati walikutana kwenye sebule ya mbele, ile ambayo zamani ilitengwa kwa wanawake ili wasipite penye pombe. Chumba cha pombe kilikuwa na kaunta iliyofungwa kwa fito za mbao kama kizimba, na mtu akiwa ndani ya kizimba anafuta vumbi alisikia kila neno la sebuleni. Ndivyo nilivyomsikia mwenyekiti, Bi Joan, mwanasheria mwenye sauti ya upole.

"Hakuna anayetaka kuifunga, Walter. Lakini watu hawaji. Mtaa umebadilika. Wanaoishi hapa sasa wametoka duniani kote, na hii si historia yao. Tunamtunzia nani?"

"Tunaitunza," Walter alijibu.

"Wenye ghala la matairi wako tayari kukodi ua wote waegeshe malori. Tufunge milango majira ya baridi yakianza, samani tuzihifadhi, kisha tuone."

Walter aliporudi jikoni alichukua kitambaa akafuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Mimi nilijua kwamba bila ile nyumba nitakata tiketi ya kurudi. Tulikula mkate na jibini, tukazungumza habari za hali ya hewa.

Mwezi wa nane, alasiri moja ya joto kali, umeme ulikatika. Kwetu umeme ukikatika mtu anatafuta mshumaa na maisha yanaendelea, kwa hiyo dakika za mwanzo sikushtuka. Nilitoka verandani nikaona taa za barabarani zimezima kwenye njiapanda, magari yamesongamana pande zote nne, na mwenye duka la kupaka rangi kucha, Mvietinamu mwembamba aliyekuwa jirani yetu, amesimama katikati ya makutano amevaa aproni, anaelekeza magari kwa taulo. Redio ya gari moja ilisema mji wote hauna umeme, na miji mingine mingi pia. Baada ya muda watu wakaanza kutokea kutoka upande wa kusini kwa miguu. Treni za chini ya ardhi zilikuwa zimesimama. Walikuja kwa makundi, wamevua koti na tai, wanawake wameshika viatu vyao vyenye visigino mkononi, wafanyakazi wa viwandani na mabegi yao, wote wanapanda barabara ile ile ya Peasley kwa miguu, wamechoka, wana kiu.

Sisi tulikuwa na moto. Siku hiyo ilikuwa ya kuoka. Bomba letu la moshi ndilo pekee lililokuwa linafuka, na watu waliuona moshi. Wa kwanza kuingia alikuwa mwanamke mjamzito pamoja na mwenzake wa kazini, akaomba maji. Walter akampa kiti cha mikono ambacho tangu nifike sikuwahi kuona mtu akikikalia, maana kilizungushiwa kamba nyekundu ya kuwazuia wageni. Aliifungua kamba akaiweka mfukoni. "Kiti kilitengenezwa kikaliwe," alisema. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Wazee wawili wa Kiitaliano kutoka maghorofa ya nyuma walikuja kwa sababu lifti imekwama na hawawezi kupanda ngazi. Mama wa Kisomali alileta chupa ya mtoto tuyapashe moto maziwa. Nilikata mikate yote, nikaanza kukanda mingine.

Ndipo Mama Abbas akatokea mlangoni, mtandio umemshuka mabegani kwa joto, anavuta kigari chake cha sokoni. Ndani kulikuwa na nyama yote ya friza, kuku waliokwisha kuanza kuyeyuka, kilo za samosa mbichi, mchele, kitunguu, na sufuria yake kubwa kuliko zote. Jiko lake lilikuwa la umeme. Abbas alikuwa amekwama Mississauga.

"Una moto?" aliniuliza kutoka kizingitini.

"Upo, mama."

"Hicho chumba cha pombe kiko upande gani?"

"Kushoto."

"Basi mimi napita kulia." Akapita. Kiingereza alikijua vizuri sana, lakini siku hiyo aliamua kusema Kiswahili, na Walter akawa ananitazama mimi. Mama Abbas alisimama mbele ya jiko, akakagua vyungu vya chuma vilivyoning'inia kwenye minyororo. "Muulize vimepikiwa nini."

Nilimuuliza. Walter alikuwa mtu mkweli. "Mwambie, kwa heshima zote, nguruwe. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, karibu kila siku nguruwe."

Mama Abbas alirudi nyuma hatua moja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nipate kazi ile, akacheka mpaka akashika mbavu. "Lete mafiga," aliniambia. "Sufuria ninayo." Tukaweka vigoda vya chuma juu ya makaa, tukatandaza makaa upya, na akaanza kukaanga vitunguu. Mimi nilikata nyama, Mvietinamu wa duka la kucha, aliyekuwa amepokelewa zamu njiapanda na kijana wa kituo cha mafuta, alimenya vitunguu saumu haraka ajabu. Harufu ilipofika barabarani hatukuhitaji kumkaribisha mtu. Watu walikaa verandani, kwenye ngazi, uani, kwenye meza ambazo kwa miaka walikuwa wanaambiwa wasiziguse. Pilipili ilimtoa Walter jasho, akaomba sahani ya pili. Jioni ilipoingia alipanda juu ya benchi kuwasimulia habari za nyumba, na alipofika kwa Hester aliishia hapo, akaninyooshea mkono. Nikamalizia mimi. Kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuzungumza mbele yao, na wakanyamaza kunisikiliza, mama mjamzito amelala kwenye kiti cha mikono, miguu juu ya kigoda.

Kutoka pale tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Mama Abbas, nikivuta kigari kilichobaki na sufuria tupu. Karibu na nyumba aliniambia kwamba baba yake alikuwa na nyumba ya wageni Moshi, karibu na stesheni, vyumba vichache, bila pombe, na kwamba mama yake alipika hivyo hivyo, bila kujua leo watakuja wangapi. Nilikuwa nimekaa kwake muda wote ule bila kuisikia habari hiyo. Kesho yake umeme uliporudi, gauni langu la kahawia, lililonuka moshi na vitunguu, sikulikuta kwenye karai. Lilikuwa linazunguka kwenye mashine.

Mkutano wa kuamua hatima ya nyumba ulifanyika majani yalipokuwa yanaanguka, kwenye ukumbi wa juu ambako zamani walicheza dansi. Mikutano ya chama ilizoea kuwa na watu wanane. Siku hiyo ngazi zilipiga kelele bila kupumzika. Walikuja Waitaliano, akaja mwenye duka la kucha na mkewe, akaja mama wa Kisomali na watoto wote, na yule mwanamke aliyekalia kiti cha kamba, mtoto wake amefungwa kifuani. Bi Joan alianza kuhesabu viti, akaacha. Alieleza kwa ukweli hali ilivyo: paa linavuja, wageni wachache, ghala limetoa ombi. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Mama Abbas alisimama, akanivuta mkono nisimame naye.

"Tafsiri," alisema. Kisha akamtazama Bi Joan. "Mimi si mtu wa kilabu. Baba yangu alikuwa na nyumba ya wageni. Ilichukuliwa na serikali, tukaondoka, na leo pale wameniambia pana duka la simu. Sina hata picha. Mjukuu wangu akiniuliza nilikulia wapi, sina mlango wa kumwonyesha. Nyinyi mlango mnao. Mnasema sisi tuliotoka mbali hii si historia yetu. Mtu anayepita njia, amechoka, anafunguliwa mlango anapewa chakula, hiyo si historia yangu? Hiyo ndiyo historia pekee niliyo nayo. Na mnataka kuweka matairi. Aibu yenu."

Nilitafsiri sentensi baada ya sentensi. Nilipomaliza, Mama Abbas hakukaa.

"Neno la mwisho hukulitafsiri."

"Ndiyo, mama."

"Litafsiri."

Nikalitafsiri. Bi Joan akawa mwekundu mpaka masikioni, kisha akavua miwani, akasema, "Nafikiri tumelistahili." Kicheko kilichofuata ndicho kilichoamua, kuliko kura yenyewe. Walikubaliana nyumba ibaki wazi majira yote ya baridi, kuwe na chakula cha jioni mara moja kwa mwezi kwa yeyote wa mtaani, na mafundi wa Kiitaliano walijitolea kuangalia paa. Walter alikwenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Ghala la matairi lilipata ua mahali pengine. Mimi niliacha kazi ya vifaa vya bafuni wiki ile ile, na habari ya kukata tiketi sikuifikiria tena.

Mama Abbas alianza kuja kila Alhamisi. Hakukubali kuvaa gauni la kizamani. Alivaa shalwar yake, suruali pana ya Kihindi, na sweta, akaketi jikoni, akawasimulia wageni mambo ambayo Walter alisema hayamo katika historia yoyote anayoijua, lakini hakumkatiza. Mwezi wa kumi na mbili, theluji imejaa hadi kwenye ngazi, aliingia bwana mmoja mkubwa, koti limejaa theluji, mkewe nyuma yake. Alichungulia chumba cha pombe, akakagua kizimba na rafu tupu, akaja jikoni anasugua mikono.

"Hivi ni kweli hapa walikuwa wanauza wiski?" aliuliza.

Mama Abbas alimtazama juu mpaka chini. "Waliuza," alimjibu. "Ilikwisha zamani. Kaa, kuna chai."

Bwana yule alivua kofia, akamvutia mkewe kiti, wakakaa.